Mchezaji naye ni zao: daftari la klabu ndilo linaloamua nani avune

MWEZI Januari 2020, klabu ya Aston Villa ya Uingereza ilimnunua mshambuliaji wa Tanzania, Mbwana Samatta, kutoka Genk ya Ubelgiji kwa ada iliyoripotiwa kuwa takriban pauni milioni 8.5. Magazeti na redio vilizungumza mno juu ya Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Wachache waliuliza swali ambalo mkulima yeyote wa korosho, kahawa au pamba angeliuliza kwanza: katika fedha zote hizo, shamba alikootea limepata nini?

Swali hilo si la utani. Mpira wa miguu ni biashara ya kuuza nje kama zilivyo nyingine. Afrika inatoa vijana, Ulaya na nchi za Kiarabu zinatoa bei, na katikati wapo madalali wa kila aina. Na kama ilivyo kwa mazao yetu, bei ya shambani hailingani hata kidogo na bei ya sokoni.

Hata hivyo, mpira una jambo moja ambalo mazao yetu hayana. Mfanyabiashara wa kahawa huko Ujerumani halazimiki kumtumia mkulima wa Mbinga sehemu ya bei kila gunia linapouzwa tena. Lakini klabu inayomnunua mchezaji kutoka nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha inalazimika, kwa kanuni za Shirikisho la Soka la Kimataifa (FIFA), kurudisha sehemu ya fedha hizo hadi kwa klabu iliyomlea tangu akiwa na umri wa miaka 12. Haijalishi kama klabu hiyo ni ya Ligi Kuu au ni timu ya kata inayofanyia mazoezi nyuma ya ghala la chama cha ushirika.

Tatizo ni kwamba fedha hizo hazimfuati anayestahili tu. Zinamfuata anayeweza kuthibitisha kwamba anastahili, na uthibitisho huo ni daftari la usajili. Kwa wafanyabiashara na wakulima wengi wanaozilea timu za vijana kwa kununua jezi, mipira na nauli, hilo ndilo jambo la kulielewa kabla ya msimu mwingine kuanza.

Asilimia tano inayorudi shambani

FIFA iliweka utaratibu huu katika kanuni zake za uhamisho za mwaka 2001. Kuna mafungu mawili ya fedha, na ni vyema kuyatofautisha kwa sababu hayaiviki kwa wakati mmoja.

Fungu la kwanza ni mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada yote hukatwa na kugawanywa kwa klabu zote zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23.

Mgawanyo wake ni huu. Kila mwaka ambao mchezaji alitimiza umri wa miaka 12 hadi 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya ada. Kila mwaka wa umri wa miaka 16 hadi 23 una thamani ya asilimia 0.5. Ukijumlisha miaka minne ya kwanza unapata asilimia 1, na miaka minane inayofuata asilimia 4. Jumla ni asilimia 5.

Tuchukue mfano mwepesi wa mchezaji aliyeuzwa kwa dola milioni 10. Klabu iliyokuwa naye mwaka mmoja akiwa na miaka 13 inastahili dola 25,000. Iliyokuwa naye mwaka mmoja akiwa na miaka 17 inastahili dola 50,000. Klabu iliyokaa naye nusu ya mwaka hupata nusu ya kiasi hicho, kwa sababu hesabu hufuata muda ambao alisajiliwa pale.

Fungu la pili ni fidia ya mafunzo. Hii hulipwa mchezaji anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na tena kila anapohamia nchi nyingine hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23. Hapa hesabu haitegemei ada ya uhamisho, bali gharama za mafunzo zilizopangwa kwa daraja la klabu inayomchukua.

Katika Ulaya, viwango hivyo ni euro 90,000 kwa mwaka kwa klabu za daraja la kwanza la mafunzo, 60,000 kwa la pili, 30,000 kwa la tatu na 10,000 kwa la nne. Miaka ya 12 hadi 15 huhesabiwa kwa kiwango cha daraja la nne. Hivyo kijana aliyekaa katika timu yako akiwa na miaka 16, 17 na 18, kisha akasaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa na klabu ya Ulaya ya daraja la tatu, anaiachia timu haki ya kudai euro 90,000 hata kama hakuna senti iliyolipwa kama ada ya uhamisho.

Kwa lugha ya shambani, fidia ya mafunzo ni kama mahindi. Unavuna mara moja, maana baada ya mkataba ule wa kwanza anayelipwa ni klabu aliyotoka mara ya mwisho tu. Mchango wa mshikamano ni kama mkorosho. Unaweza kukaa miaka mingi bila kuzaa, lakini kila mchezaji anapouzwa mti unazaa tena, hata akiwa na miaka 30.

Hesabu ya Wanyama na Samatta

Twende kwenye mifano halisi. Victor Wanyama wa Kenya aliondoka Nairobi kwenda Helsingborg ya Sweden mwaka 2007, akapita Beerschot ya Ubelgiji, kisha Celtic ya Scotland mwaka 2011. Mwezi Julai 2013 Southampton ya England ilimnunua kwa ada iliyoripotiwa kuwa pauni milioni 12.5.

Wanyama alizaliwa Juni 1991. Kwa hiyo miaka yake ya 12 hadi 15 yote aliitumia Kenya. Kwa kanuni tuliyoieleza, kila mmoja wa miaka hiyo ulikuwa na thamani ya pauni 31,250 katika uhamisho huo mmoja tu, na miaka yote minne ilikuwa na thamani ya pauni 125,000. Hizo ni fedha za kununua uwanja, kuujengea ukuta na bado zikabaki za basi.

Mwaka 2016 Wanyama alitoka Southampton kwenda Tottenham. Hapo mshikamano haukuhusika, kwa sababu wakati ule kanuni ilihesabu uhamisho wa kutoka nchi hadi nchi tu, na klabu zote mbili zilikuwa England. Kanuni hiyo ilibadilishwa kuanzia Julai 2020. Sasa hata klabu mbili za nchi moja zikiuziana mchezaji, klabu ya nchi nyingine iliyomlea ina haki ya fungu lake. Hili ni badiliko kubwa kwa Afrika, maana wachezaji wetu wengi wakishafika Ulaya huuzwa zaidi ndani ya nchi ileile.

Kwa Samatta hesabu ni tamu zaidi. Alizaliwa Desemba 1992. Alichezea African Lyon, akaenda Simba, na mwaka 2011 akanunuliwa na TP Mazembe ya Lubumbashi, alikokaa hadi alipokwenda Genk Januari 2016. Maana yake ni kwamba karibu miaka yake yote ya 16 hadi 23, ile yenye thamani kubwa, aliitumia Dar es Salaam na Lubumbashi. Katika ada ile ya Villa, kila mwaka ulikuwa na thamani ya takriban pauni 42,500, na miaka yote minane karibu pauni 340,000.

Hapo msomaji anaweza kuona kwa nini neno "tulimlea sisi" halitoshi. Kila mtaa wa Mbagala una mzee atakayekwambia alimfundisha Samatta kupiga mpira. FIFA haiulizi mzee. Inauliza: alisajiliwa wapi, kuanzia tarehe ipi hadi tarehe ipi?

Karatasi moja iliyowatoa mabingwa

Kama kuna anayedhani habari za makaratasi ni za wanaokaa ofisini tu, akumbuke yaliyotokea mwaka 2011. TP Mazembe ilikuwa bingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, 2009 na 2010. Desemba 2010 ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ilipoifunga Internacional ya Brazil mabao 2-0 kabla ya kufungwa na Inter Milan 3-0.

Miezi michache baadaye Mazembe ilikutana na Simba katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Mazembe ilishinda 3-1 Lubumbashi na 3-2 Dar es Salaam. Uwanjani mambo yalikwisha. Lakini Simba ilipeleka malalamiko kwamba mchezaji Janvier Besala Bokungu hakuwa amesajiliwa kihalali. Shirikisho la Soka Afrika (CAF) likakubali hoja hiyo na kuiondoa Mazembe mashindanoni. Simba ilirudishwa kucheza mechi ya mtoano na Wydad Casablanca mjini Cairo, ikafungwa 3-0, lakini somo lilibaki.

Klabu yenye tajiri, yenye ndege na yenye wachezaji ghali kuliko wote katika ukanda huu iliangushwa na usajili wa mtu mmoja. Na katika mechi hizohizo ndipo Mazembe walipomwona Samatta, wakamnunua. Mwaka 2015 alifunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger, Mazembe ikatwaa ubingwa wa tano, naye akachaguliwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani.

Mashindano ni mnada

Hapo tunaona kazi nyingine ya mashindano ya klabu. Shabiki huyaona kama kombe. Mchumi huyaona kama mnada, mahali ambapo bidhaa iliyokuwa ghalani inawekwa hadharani na wanunuzi wanashindana.

Zawadi zenyewe si haba. Kuanzia msimu wa 2022/23 CAF ilipandisha zawadi ya bingwa wa Ligi ya Mabingwa hadi dola milioni 4, na ya bingwa wa Kombe la Shirikisho hadi dola milioni 2. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho msimu huo na ikapoteza kwa USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini, baada ya kufungwa 2-1 Dar es Salaam na kushinda 1-0 Algiers. Mshindi wa pili alikuwa na fungu la dola milioni 1. Simba nayo ilifika fainali ya kombe hilo mwaka 2025 na kuzidiwa na RS Berkane ya Morocco.

Lakini mbali na zawadi, kuna bei ya wachezaji. Fiston Mayele, Mkongo aliyekuja Yanga kutoka AS Vita ya Kinshasa mwaka 2021, alimaliza msimu ule wa 2022/23 akiwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho kwa mabao 7. Mwaka huohuo Pyramids ya Misri ikamchukua. Mwaka 2025 Pyramids ilitwaa Ligi ya Mabingwa, naye akawa mfungaji bora.

Mayele anatufundisha tofauti kati ya mkulima na mchuuzi. Alipofika Yanga alikuwa ameshapita umri wa miaka 23. Miaka yake ya kulelewa iliishia Congo. Yanga ilifanya biashara halali ya kununua na kuuza, lakini Pyramids wakimuuza kesho, mshikamano utakwenda Congo. Mchuuzi anayetaka kunufaika na bei ya baadaye hana budi kuandika katika mkataba wa mauzo kwamba atapata asilimia fulani mchezaji atakapouzwa tena. Asipoandika, hana.

Mchuuzi anayeuza kwa mkopo ana hatari yake pia. Januari 2013 Simba ilimuuza Emmanuel Okwi wa Uganda kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa ada iliyoripotiwa kuwa dola 300,000. Mchezaji aliondoka, fedha hazikuja, na shauri likafika FIFA. Mkulima aliyewahi kupeleka mazao kwa ahadi ya "nitakulipa nikirudi" anaijua hadithi hiyo. Kilichoiokoa haki ya Simba ni kwamba mauzo yalikuwa kwenye maandishi.

Wanaosindika na wanaouza ghafi

Tumezoea kusema Afrika inauza korosho ghafi na kununua zilizobanguliwa. Katika soka pia wapo waliogundua kwamba kubangua kunalipa.

Nchini Ivory Coast, klabu ya ASEC Mimosas ilianzisha kituo cha vijana mwanzoni mwa miaka ya 1990 chini ya Mfaransa Jean-Marc Guillou. Kituo hicho ndicho kilichowatoa ndugu Kolo na Yaya Touré, Emmanuel Eboué, Salomon Kalou na Gervinho. Mwaka 1999 vijana wa kituo hicho waliifunga Espérance ya Tunis 3-1 na kutwaa Super Cup ya Afrika, wengi wao wakiwa bado hawajatimiza miaka 20.

Senegal walichukua njia inayofanana na kilimo cha mkataba. Kituo cha Génération Foot, kilichoanzishwa mwaka 2000, kina ushirika na klabu ya Metz ya Ufaransa. Metz inatoa fedha na vifaa, na yenyewe ndiyo ya kwanza kuchagua. Sadio Mané alipita hapo, akaenda Metz, kisha Salzburg, Southampton na Liverpool. Faida ya mpango huo ni kwamba mkulima ana pembejeo na soko la uhakika. Hasara yake, kama wakulima wa tumbaku na miwa wanavyoijua, ni kwamba mnunuzi akiwa mmoja, mwenye nguvu ya kupanga bei ni yeye.

Ghana walikwenda mbele zaidi. Kituo cha Right to Dream kilichoanzishwa mwaka 1999 kiliinunua klabu ya FC Nordsjælland ya Denmark kati ya 2015 na 2016. Yaani mkulima alinunua kiwanda. Mohammed Kudus alitoka kituoni hapo akaenda Nordsjælland mwaka 2018, na Ajax ya Uholanzi ilipomtaka mwaka 2020, mauzo yalifanywa na klabu iliyo mikononi mwa waliomlea. Baadaye akaenda West Ham mwaka 2023 na Tottenham mwaka 2025, na mshikamano ukiendelea kudaiwa kila mara.

Si kila mtu anaweza kununua klabu Ulaya. Lakini wote hao watatu wana jambo moja ambalo timu ya kata nayo inaliweza: kila mtoto ana jalada lake.

Kangomba wa soka

Mahali penye zao la thamani na mkulima asiye na taarifa, hapakosekani kangomba. Katika soka ni yule mtu anayefika kijijini na simu mbili, akimwambia mzazi kwamba mwanawe amepata majaribio Ulaya au Uarabuni, kinachotakiwa ni fedha za pasipoti, viza na tiketi. Mzazi anauza ng'ombe, au ekari mbili. Kijana anafika ugenini, hakuna klabu, na yule mtu hapokei simu tena. Mwaka 2000 mchezaji wa zamani wa Cameroon, Jean-Claude Mbvoumin, alianzisha jijini Paris taasisi ya Foot Solidaire kwa sababu ya vijana wa Kiafrika waliotelekezwa namna hiyo.

Mzazi anaweza kujikinga kwa kujua mambo manne. Moja, FIFA hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kusajiliwa na klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache maalumu, kama vile wazazi kuhamia huko kwa shughuli zisizohusiana na mpira. Mtu anayemtaka mtoto wa miaka 15 kwenda kusajiliwa Ulaya anaahidi kitu kilichokatazwa.

Mbili, wakala halali ana leseni ya FIFA, na majina ya wenye leseni yako wazi kwa yeyote anayetaka kuyaangalia. Tatu, wakala hawezi kumwakilisha mtoto bila ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi. Nne, klabu inayomtaka mchezaji kweli humgharamia. Ukiona mnunuzi anamwomba mwenye mbuzi amlipie yeye nauli ya kuja kumchukua mbuzi, jua hakuna mnunuzi hapo.

Kuna onyo pia kwa wafanyabiashara. Wako wanaomnunulia kijana viatu na kumlipia chumba, kisha wanaandikishiana kwamba akiuzwa watapata robo au nusu. Tangu Mei 2015 FIFA imepiga marufuku mtu wa pembeni kumiliki sehemu ya haki za uhamisho wa mchezaji. Karatasi hiyo haitakusaidia, na inaweza kuiponza klabu. Mwenye fedha za kuwekeza aziweke katika klabu iliyosajiliwa, awe mwanachama au mdau wake, na apate faida yake kupitia klabu.

Klabu ndogo ifanye nini?

Kwa miaka mingi, klabu iliyostahili mshikamano ilibidi iidai yenyewe, na muda wa kufungua shauri ulikuwa miaka miwili. Klabu nyingi za Afrika hazikujua hata kwamba mchezaji wao ameuzwa. Mwezi Novemba 2022 FIFA ilianzisha nyumba ya malipo yenye makao Paris. Sasa mchezaji akiuzwa, mtandao wa FIFA unakusanya kumbukumbu zake kutoka mashirikisho yote ya nchi alizocheza na kutengeneza pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji. Klabu na mashirikisho hupewa siku 10 kuikagua. Baada ya hapo malipo hufanywa kupitia nyumba hiyo.

Utaratibu huu unafanana na stakabadhi ghalani ambayo wakulima wa korosho wa Mtwara waliianza msimu wa 2007/08. Mzigo uliopimwa na kuandikwa unalipwa. Mzigo ambao haukuandikwa hauna mwenyewe. Kwa hiyo kazi ya klabu ndogo ni hii ifuatayo.

Kwanza, klabu iwe na usajili halali na iwe mwanachama wa chama cha soka cha wilaya au mkoa kilicho chini ya shirikisho la taifa. Timu ya mtaa inayocheza ndondo tu, hata iwe na vipaji vingapi, haionekani kwenye mtandao huo.

Pili, wasajili watoto kuanzia miaka 12, siyo kusubiri wafike 18. Kila mtoto awe na nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha, ridhaa ya mzazi, tarehe ya kujiunga na tarehe ya kuondoka. Usajili huo ufike katika mfumo wa kielektroniki wa shirikisho. Fomu iliyobaki kwenye droo ya katibu haijasajili mtu.

Tatu, umri uwe wa kweli. Kumpunguzia kijana miaka miwili ili acheze mashindano ya vijana ni sawa na kuweka mawe kwenye gunia la pamba. Hesabu nzima ya mshikamano imejengwa juu ya tarehe ya kuzaliwa, na tarehe ikigongana na nyingine, madai yanaingia doa.

Nne, kijana akiondoka aondoke kwa barua. Viongozi wengi humwachia mchezaji "akatafute maisha" bila maandishi, halafu miaka 10 baadaye wanatafuta shahidi. Na klabu isikubali kusaini kwamba inasamehe haki zake zote kwa sababu ya mipira mitano na seti ya jezi.

Tano, klabu iwe na akaunti ya benki kwa jina lake, viongozi wanaojulikana na hesabu zinazokaguliwa. Nyumba ya malipo haitumi fedha kabla ya kuichunguza klabu inayopokea, na haitazituma kwenye simu ya mwenyekiti.

Wapo watakaosema kwamba vijana watakaofika Ulaya ni wachache mno, hivyo yote haya ni kujisumbua. Kwamba ni wachache, ni kweli. Hakuna kiongozi anayepaswa kupanga bajeti ya timu kwa kutegemea Samatta mwingine, wala mzazi kumtoa mtoto shule kwa tamaa hiyo. Lakini tazama gharama: daftari, nakala za vyeti, nauli ya katibu kwenda wilayani na ada ya usajili. Hiyo ni chini ya bei ya mipira michache. Upande wa pili kuna fungu ambalo, kwa uhamisho mmoja tu kama ule wa Wanyama, lingeiendesha timu ya kata kwa miaka mingi.

Kuna jambo la mwisho ambalo viongozi wengi hawalijui. Klabu iliyomlea mchezaji ikiwa imekufa, fungu lake la mshikamano linaweza kwenda kwa shirikisho la soka la nchi yake, ambalo linatakiwa kulitumia kwa soka la vijana. Ni utaratibu mzuri, lakini kwa timu ya kata maana yake ni moja. Ukiiacha timu ife kwa sababu ya ugomvi wa uongozi, au ukiibadilisha jina kila anapokuja mfadhili mpya bila kuhamisha kumbukumbu, umeng'oa mkorosho uliopandwa na waliokutangulia. Msimu wa usajili ukifunguliwa, kabla ya kujadili rangi za jezi, ulizeni daftari liko kwa nani.